Zamu ya Maji ya Alhamisi

Mbaga, Jumanne, 2 Julai 2024

Mpwa wangu Irine,

Kabla sijakusalimu nikutajie kosa ambalo wengi hulifanya, maana simu yako ya jana ilijaa kosa hilo mpaka mtandao ukakata. Watu hudhani nia ya mtoaji lazima itakate kwanza ndipo mkono wake ustahili heshima. Wakimwona mtu ametoa kitu kikubwa, hukimbilia kuuliza alitaka nini; na wakiona chembe ya majivuno, husema sadaka nzima imeoza. Mimi nimefundisha shule miaka mingi, na uzee wa kanisa nimeushika karibu miaka hiyo hiyo. Nilichokiona mara nyingi ni mkono kutangulia, na nia kuja nyuma ikihema, kama mtu anayepanda mlima wetu na mzigo kichwani.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Ukungu haujatuachia tangu Ijumaa, na mke wangu Jenifer anakohoa kidogo, lakini bado ana nguvu ya kunikaripia nikisahau kofia. Ng'ombe wetu wa maziwa amepunguza. Nyasi ni chache mwaka huu. Tangu masika yaishe mapema, hata majani ya kando ya mifereji yamegombaniwa.

Uliniuliza kwa ukali kilichotokea kanisani. Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu. Jumapili ilikuwa ya mavuno. Watu walileta ndizi, kuku, mayai, viroba vya maharage. Evaline, mke wa Tumainieli, aliingiza ndama jike. Ndama yule alikuwa amevishwa utepe shingoni, Irine, nao akina mama walipiga vigelegele mpaka mnyama akaogopa, akamkojolea mwinjilisti viatu. Kicheko kilipotulia, mama yako akasimama. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akasema, "Mimi natoa zamu yangu ya maji ya Alhamisi, kutoka leo mpaka vuli inyeshe."

Watu walitazamana kwanza, kisha vigelegele vikazidi vya ndama. Huku kwetu mtu anaweza kutoa ng'ombe, watu wakashangilia, wakaenda kula. Lakini kutoa zamu ya ndiva wakati wa kiangazi! Wewe ulizaliwa hapa, unajua ndiva yetu, bwawa lile dogo la kumwagilia, hujaa usiku mmoja, asubuhi ikafunguliwa kwa shamba la mwenye zamu, na asiye na zamu hubaki kutazama maji yakipita.

Unasema alifanya hivyo ili aonekane. Unasema pia tangawizi yake, ambayo mbegu zake ulimpelekea wewe, itakauka, na kwamba ndiyo inayomlisha. La pili ni kweli tupu. La kwanza hulijui, na mimi silijui. Kwa utaratibu wetu, vitu visivyobebeka hutangazwa Jumapili moja, vikanadiwa Jumapili inayofuata. Atakayepandisha bei kuliko wengine atachukua maji, na fedha zitakwenda kwenye paa la kanisa. Mimi nakuomba uvute subira.

Mjomba wako,
Eliufoo Mgonja


Same, 5 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa kondakta, ikiwa na harufu ya samli. Sijui aliisafirisha na nini. Mpe mke wako pole ya kikohozi. Sisi huku ni jua na upepo wa vumbi. Watoto wanasoma. Biashara ya mabati na misumari ni ya kusukumasukuma, lakini tunakula.

Mjomba, nimesoma uliyoyasema juu ya nia na mkono. Umeyasema vizuri kama kawaida yako, na mimi sina elimu ya kushindana na wewe. Ninamjua tu mama yangu na Evaline. Tangu nikiwa mdogo, Evaline akipika chungu kimoja msibani, mama anapika viwili. Evaline akishona kitenge cha kwaya, mama anauza kuku ashone chenye marinda. Sasa Evaline kaleta ndama. Wewe ni mwalimu, jumlisha mwenyewe.

Lakini yaishe. Nimekuelewa. Nina maswali mawili tu, nayo ni madogo. Mnada unaanza saa ngapi? Na mtu asiye wa mtaa wenu anaruhusiwa kunadi?

Ningekuja mwenyewe, ila duka haliachiki.

Mpwa wako,
Irine


Mbaga, 9 Julai 2024

Mpwa wangu Irine,

Salamu zako zimefika, na jibu la maswali yako madogo limefika kabla ya barua yangu, likiwa limevaa koti la suti na miwani ya jua. Rodgers, shemeji yako, alishuka kwenye gari akiwa amekunja uso kama mtu aliyetumwa polisi. Jenifer alimpa makande, akala sahani mbili, lakini hakusema alichotumwa.

Nikusimulie mnada. Melkizedeki ndiye aliyenadi, unamjua ulimi wake. Alimaliza ndama wa Evaline, akamaliza ndizi, kisha akanyoosha mikono hewani kama ameshika beseni. "Sasa maji! Hayana mkia, hayana pembe, hayapigi teke. Nani anayaanza?"

Mtu mmoja wa shamba la bondeni akaanza. Mwingine akapandisha. Rodgers akapandisha juu yao wote. Watu wakageuka.

"Wewe mgeni," Melkizedeki akamwuliza, "maji haya utayabeba mpaka Same kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo," Rodgers akajibu. "Nadi, mzee."

Walicheka sana. Yule wa bondeni akajaribu tena, Rodgers akampita tena, mpaka mpinzani wake akatupa kofia chini na kusema, "Yachukueni! Ukoo wenu una kiu!" Ndipo Rodgers akasimama katikati, akavua miwani, akasema kwa sauti kubwa kwamba maji yamenunuliwa na Irine wa Same, naye anamrudishia mama yake.

Hapo vigelegele vilikuwa vyako. Kumnunulia mtu sadaka yake na kumrudishia ni desturi nzuri ya hapa, wala sikusudii kuitia doa. Kanisa limepata bati zake, mama yako amepata maji yake. Nilikuvulia kofia, ingawa Jenifer alinikaripia kwa kuivua.

Nilimtazama dada yangu Hedwiga. Alishukuru kwa kuinamisha kichwa, akafunga kanga, akaenda. Njiani nilimwambia, "Una mtoto." Akasema, "Ninaye." Tukaachana penye njia panda. Nakuandikia hilo kama lilivyo. Sijui maana yake.

Wako,
Mjomba


Mbaga, 6 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Hii ni fupi, kondakta ananipigia honi. Kikohozi cha Jenifer kimekwisha. Kuna habari nzito: Tumainieli, mume wa Evaline, ameanguka shambani. Upande wa kushoto haumsikilizi. Wamemteremsha Same hospitali, na Evaline yuko huko huko analala kwenye benchi. Kutoka dukani kwako ni mwendo mfupi. Ukipata nafasi, pita uwaone.

Mjomba


Same, 27 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mko wazima wote. Sisi tuko wazima. Mtoto wangu wa kwanza amefaulu majaribio ya wilaya, amechekacheka na simu nyumbani wiki nzima, mpaka nimemfichia.

Mjomba, nina jambo, nalo sitalizungusha. Rodgers alipeleka mabati kijiji cha Kisiwani wiki iliyopita, akapanda mpaka huko kumsalimia mama. Anasema tangawizi imesinyaa. Majani yamejikunja kama tumbaku, udongo umepasuka. Alimwuliza mama: "Vipi, maji?" Mama akamwambia, "Maji yapo," akamkaribisha chai.

Maji yapo wapi? Mimi nilitoa fedha mbele ya kanisa zima ili maji yale yabaki kwake. Rodgers alikaa mpaka Alhamisi kusudi aone. Ndiva ilifunguliwa, mfereji ukajaa, maji yakapita shamba la mama yakaenda chini. Na aliyekuwa na jembe mkononi akiyageuza ni Majaliwa, mgawa maji wenu.

Wewe unakaa jirani na mfereji huo, Mjomba. Hukuona? Naomba unijibu.

Irine


Same, 9 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Hujambo? Mke wako hajambo?

Hujajibu. Nimempigia mama mara tatu, ananiuliza habari za watoto. Nimempigia Majaliwa, akasema, "Dada, muulize mama yako," akakata simu. Mtu mwenye haki hakati simu.

Basi nimeamua. Jumatatu ijayo nakuja. Nitapitia kwa mtendaji, kisha nitakwenda kwenye mkutano wa maji, na mbele ya wote nitamwita Majaliwa kwa jina linalomfaa. Mwizi wa maji ya mjane. Duka nitalifunga siku hiyo, wala sitajali.

Kama kuna unachokijua, nieleze kabla ya siku hiyo.

Irine


Mbaga, Ijumaa, 13 Septemba 2024

Mpwa wangu Irine,

Salamu kwanza, maana hata moto ukiwaka mtu husema hodi. Sisi tu wazima. Nampongeza mjukuu wangu kwa mtihani. Mrudishie simu yake. Anga ni jeupe, mvua hakuna dalili, na ndiva siku hizi haijai hadi ukingoni.

Nilikaa kimya kwa sababu nilichokiona hakikuwa changu kukisema. Niliona maji, ndiyo. Niliyaona yakipita shamba la mama yako Alhamisi ya kwanza, na ya pili, na niliona yalipoishia. Nikajifungia mdomo. Lakini uliponiandikia neno mwizi, nilichukua fimbo nikaenda kwa Hedwiga jana jioni. Alikuwa anachambua maharage.

Nikamwambia, "Irine anakuja Jumatatu kumwita Majaliwa mwizi."

"Mwambie asije."

"Nimwambie kwa sababu gani?"

"Mwambie mama yake ni mtu mzima, ana akili zake."

"Hiyo haijawahi kumzuia, dada. Hata alipokuwa darasa la pili haikumzuia."

Akacheka, akaangusha maharage, tukayaokota pamoja. Kisha akaniambia haya, na nikamwomba ruhusa ya kukuandikia. Nayaandika alivyoyasema.

"Kaka, ile ya mavuno haikuwa sadaka. Irine alisema kweli, ingawa hukuniambia alivyosema. Rodgers aliniambia, yule hawezi kushika neno hata kwa kamba. Nilikuwa nimeleta kikapu changu cha mayai, kimekaa vizuri miguuni. Nikaona ndama na utepe wake. Nikasikia vigelegele. Kikapu nikakisukuma chini ya benchi kwa mguu, nikasimama. Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Usiku ule sikulala kwa hofu ya tangawizi. Irine aliponirudishia, wote mliona nimefurahi. Nilikuwa na aibu. Nilipewa tena kitu nilichokitoa vibaya, mbele ya watu walionishangilia kwa ubaya huo."

Nikamwuliza, "Sasa Tumainieli alipougua?"

Hapa inabidi nikueleze jambo ambalo huenda mjini umelisahau. Zamu ya ndiva haiji kwa kuzaliwa tu. Tunaishika kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa matope na kuziba kingo. Kila nyumba hupeleka mtu mmoja mwenye koleo. Nyumba isiyopeleka mtu, zamu yake husimamishwa mpaka irudi kazini. Ni sheria ngumu, nayo imeifanya ndiva idumu kuliko sisi. Evaline alikuwa hospitalini akimgeuza mumewe kitandani. Watoto wake wako mbali, wawili kwenye mashamba ya mkonge, mmoja Dar. Nyumba yake haikuwa na mtu wa kushika koleo. Zamu yao ikasimama. Na shamba lao, lililo chini ya la mama yako kwenye mfereji uleule, lilikuwa na tangawizi changa kuliko yake.

Mama yako alimfuata Majaliwa penye ndiva kabla hajakucha, akamwambia ampe Evaline maji ya Alhamisi, asiseme yametoka wapi. Majaliwa akamshauri wagawane nusu kwa nusu. Alikataa, naye alikuwa na haki: kwa kiangazi hiki, zamu moja ukiipasua mara mbili mashamba mawili yanapata tope tu. Majaliwa akasema, "Watu wataona shamba lako, Mama Irine. Nitawajibu nini?" Akamwambia, "Wajibu nimezeeka, nasahau siku zangu."

Na ndivyo watu wanavyosema, Irine. Juzi pale dukani nimemsikia mama mmoja akimsikitikia: "Hedwiga kichwa kimeanza kumtoka, hata zamu yake haikumbuki." Yule dada yangu, ambaye hajawahi kukubali chungu chake kiwe cha pili kwa ukubwa, amekubali kuitwa mzee aliyepotewa na akili, ili Evaline asijue anamshukuru nani. Evaline anadhani kamati imemhurumia. Amerudi kutoka hospitali, mumewe anaanza kukaa mwenyewe, na tangawizi yao imesimama.

Nimekuwa nikifundisha juu ya utoaji tangu wewe hujazaliwa. Huwa nasimulia habari za mfalme aliyetamani maji ya kisima cha kwao. Watu watatu wakahatarisha roho zao kumletea, naye akayamimina chini kwa heshima ya Mungu, asiyanywe. Watoto wa kipaimara huniuliza kila mwaka, "Mwalimu, si alipoteza maji bure?" Nilikuwa nikiwajibu kwa maneno mengi. Mwaka huu nitawapeleka wakalione shamba la mama yako.

Kwa hiyo ulimfahamu mama yako vizuri mwezi wa Juni, na mwezi wa Agosti hukumfahamu kabisa. Wala usijilaumu kwa kununua yale maji. Kama usingemrudishia, asingekuwa na kitu cha kutoa mara ya pili. Ulikuwa umekasirika ulipofanya hivyo, najua. Rodgers alionyesha hasira yako usoni mwake siku nzima. Hata hivyo lilikuwa jema. Nawastaajabia nyote wawili, na Evaline pia, ambaye alitoa ndama bora wa zizi lake na hakumwomba mtu kitu mumewe alipoanguka.

Majaliwa hastahili jina ulilomwandalia. Ametunza siri ya mjane huku akitukanwa kwenye simu.

Tuzungumze sasa tangawizi, maana nia njema hainyweshi shamba. Mizizi bado iko hai. Nimechimba mmoja kwa kidole, una unyevu ndani. Ikipata maji Alhamisi ijayo na nyingine baada ya hapo, itachipua. Ikikosa, basi. Usimletee mama yako pampu, wala tanki, wala usimnunulie zamu nyingine. Vyote hivyo atavipeleka kwa Evaline, nawe utabaki unagombana na milima. Nilimwuliza akupokee vipi ukija. Akasema, "Aje. Ila asiniulize, na asimwambie Evaline."

Kesho Jumamosi asubuhi kuna msaragambo pale ndiva. Mimi umri umenitoa kwenye koleo, na nyumba ya mama yako ina kijana wa kibarua anayeiwakilisha. Nyumba ya Tumainieli haina mtu, maana Evaline hawezi kumwacha mumewe peke yake. Nimemwuliza Majaliwa: mtu yeyote akisimama kwa jina la nyumba ile, akafanya kazi mpaka mwisho, zamu yao inarudi wiki hiyo hiyo. Wakipata yao, ya Alhamisi inabaki kwa mama yako kwa haki, hakuna aliyerudisha wala aliyerudishiwa. Ukiulizwa kwa nini umekuja, sema umetumwa na mjomba wako kuzoa matope. Ni kweli, maana ndiyo kazi ninayokutuma.

Kondakta amebeba barua hii alfajiri, kwa hiyo unaisoma bado ni mchana. Gari la kurudi mlimani linaondoka saa nane. Leo funga duka mapema, chukua koleo moja lenye mpini imara, upande gari hilo.

Mjomba wako,
Eliufoo